Wimbo wa bule, nani anakula? Juu ya kuuzisha muziki kwenye intaneti kutoka Kolwezi



Ukiwa na diplome ukutani, hata ya fani isiyohusika kabisa, siku moja rafiki anayeimba atakuja kukuuliza: "Vié, we ulisoma. Albamu iko tayari. Nitie bule ku intaneti, ao niuzishe?" Na kwa kuwa Kolwezi ni mji ambamo familia nyingi zina mtoto mmoja mgodini, mmoja shuleni na mmoja studio, swali hili haliko mbali na yeyote anayesoma hapa. Wengi wanajibu haraka. Wa upande mmoja wanasema: kazi yote inalipwa, basi lipisha. Wa upande mwingine wanasema: nani anakujua? Tia bule kwanza, feza itakuja nyuma. Wote wawili wanasahau kuangalia feza inapita wapi leo, kabla hata rafiki yetu hajaamua kitu.

(Neno dogo kabla ya kuendelea. Kwa Kiswahili chetu cha Katanga mtu "anauza" mkate sokoni akiwa ananunua, na mwenye mkate ndiye "anauzisha". Ndugu wa Tanzania wakitusikia wanacheka. Humu nitaandika kununua na kuuzisha, asipotee mtu.)

Tufuate basi safari ya wimbo mmoja. Kijana wa Manika ao wa Dilala analipa studio. Analipa aliyemtengenezea biti, ao anaichukua bule kwenye YouTube bila kuuliza ni ya nani, jambo ambalo tutalirudia kwa sababu lina hatari. Kama ana nguvu kidogo analipa na klipu. Siku ya kutoka anautuma wimbo kwenye makundi ya WhatsApp, anaupandisha YouTube, anaomba DJ aupige. Kuanzia hapo wimbo umetoka mikononi mwake. Unapita kwa Bluetooth na Xender kutoka simu hadi simu. Unafika kwa yule kijana mwenye kompyuta chini ya mwavuli, anayejaza nyimbo kwenye karte memware na kle ya USB, na anayelipwa kwa kazi hiyo. Unaingia kwenye taksi, kwenye baa, kwenye harusi.

Sasa hesabu waliokwisha kushika feza juu ya wimbo huo. Studio imeshika. Kijana wa mwavuli ameshika. Mwenye baa ameuzisha bia watu wakicheza. Vodacom, Airtel na Orange wameuzisha mega kwa kila mtu aliyeupakua. Mpenzi wa muziki naye, yule tunayesema anataka vitu vya bule, amelipa: amelipa mega, amelipa karte memware, amelipa bia. Akikuambia hana feza ya kununua wimbo, hasemi uongo. Feza yake ya muziki imekwisha njiani. Aliyebaki mikono mitupu ni mmoja tu, na ndiye aliyeanzisha safari yote.

Kwa hiyo swali la "bule ao bei" limeulizwa vibaya kidogo. Muziki wa Kolwezi unalipiwa tayari. Kinachotafutwa ni mahali pa kusimama kwenye ile njia ili franka chache zipite mkononi mwa mwenye wimbo.

Wengine watajibu: weka kwenye majukwaa makubwa, Spotify, Boomplay, Apple Music, wao wanalipa kila mtu akisikiliza. Ni kweli wanalipa. Lakini aliyewahi kufika Musompo ataelewa haraka namna wanavyolipa. Mkreseri anafika na mifuko yake. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, na ndiye mwenye Metorex, ile mashine inayosoma tenere ya mawe. Inasoma asilimia, mnunuzi anatamka bei, mkreseri anakubali ao anabeba mifuko kwenda depo nyingine ambako mashine pia si yake. Malalamiko juu ya mizani na Metorex ni ya zamani kuliko diplome zetu nyingi.

Majukwaa ya muziki yanafanana na depo, ila siwashitaki kwamba mizani ni ya uongo. Shida iko kwenye hesabu yenyewe. Spotify, iliyofunguliwa rasmi kwetu mwezi wa 11 wa 2021, haina bei ya kusikiliza mara moja. Inakusanya feza ya abonema na ya matangazo katika kila nchi, inatoa sehemu yake, na inayobaki inaigawa kufuata ni nani amesikilizwa zaidi. Mtu akikusikiliza akiwa Paris na abonema ya kulipa, wewe unapata kitu kikubwa kidogo. Akikusikiliza akiwa Kapata kwa mfumo wa bule wenye matangazo, unapata punje. Watu wakifanya wastani wa dunia huwa wanafika kwenye dola 0.003 ao 0.004 kwa kila kusikiliza. Chukua 0.003 ufanye hesabu mwenyewe: kusikilizwa mara 10,000 ni dola 30. Tena tangu 2024 Spotify haitoi kitu kwa wimbo ambao haujafika kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Nyimbo nyingi za vijana wetu zinabaki chini ya mstari huo.

Halafu kuna mlango wa kuingilia. Msanii asiye na kampuni hawezi kupeleka wimbo Spotify moja kwa moja. Anapita kwa msambazaji kama DistroKid, TuneCore ao CD Baby. DistroKid inataka malipo ya kila mwaka, zaidi ya dola 20, kwa karte ya benki. Ukiacha kulipa, na hukulipa ile nyongeza ya kuacha nyimbo zibaki, zinaweza kuondolewa. CD Baby yenyewe inakata asilimia 9 ya mapato yako. Kwa hiyo zile dola 30 za kusikilizwa mara 10,000 zinalipa abonema ya msambazaji, na kinachobaki kinatosha bukari na samaki kwa mchana mmoja. YouTube nayo ina masharti yake kabla ya kukuingiza kwenye mgao wa matangazo: abone 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ao mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Tena mpango wenyewe haupokei nchi zote, kwa hiyo kabla ya kuota angalia orodha ya nchi zao.

Je, tuyakimbie majukwaa? Hapana. Yanafaa kwa kazi nyingine. Mtu wa Lubumbashi, wa Ndola ao wa Bruxelles akisikia jina lako, lazima akukute mahali. Ile ni kama kibao mbele ya duka. Hakuna mwenye duka anayetegemea kibao kumlisha, lakini bila kibao watu wanapita.

Kuna jambo lingine ambalo siye watu wa kobalti tunapaswa kulielewa kuliko wengine. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, kwa sababu soko la dunia lilikuwa limejaa na bei imeanguka. Mwezi wa 10 mwaka uleule ikaanza mfumo wa kota. Mwenye bidhaa nyingi alifunga mlango ili bei ipande. Kwenye muziki hakuna mlango wa kufunga. Mwaka 2022 wakubwa wa kampuni za muziki duniani walikuwa wakisema kwamba nyimbo karibu 100,000 zinapandishwa kwenye majukwaa kila siku. Kila siku! Ukiweka bei kwenye wimbo wako ili uwe adimu, msikilizaji hatahisi upungufu wowote, atafungua unaofuata. Kwa hiyo wimbo wenyewe kama faili hauwezi kuwa na bei kubwa, hata uwe mzuri namna gani. Hii haina uhusiano na heshima ya msanii. Ni soko tu.

Na kwa kweli, hapa kwetu kopi ya wimbo haijawahi kumlisha mwimbaji sana. Chukua Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, yaani wa Lualaba yetu ya leo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta akipiga gita Jadotville, ndiyo Likasi. "Masanga" ikarekodiwa, sahani ikatolewa na Gallotone ya Afrika Kusini, na mpaka leo wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake. Mnamo 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Lakini mtambo wa kutengeneza sahani ulikuwa mbali, duka halikuwa lake, na hesabu ya sahani ngapi zimeuzishwa haikuwa mikononi mwake. Alipokwenda Nairobi, sauti yake iliuzisha vidonge vya Aspro redioni. Binamu yake Édouard Masengo naye aliimba tangazo la Coca-Cola. Maisha yake Bosco aliyajenga pia kwa kazi nyingine, hata hoteli karibu na mpaka wa Zambia, mpaka alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Wengine wanasoma historia hiyo kwa huzuni, mimi naisoma kama somo la biashara. Mtu wa kwanza wa kwetu kujulikana duniani kwa gita alikuwa tayari anaishi na lile tatizo tunaloliita la intaneti: kopi inazunguka, feza inabaki kwa mwenye mashine. Na alikuwa tayari amepata jibu lake kwa sehemu: kampuni inayotaka sauti yako ili iuzishe vidonge inalipa, kwa sababu yeye anajua anachopata.

Kama unataka huzuni ya kweli, nenda kwa Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" kwa Gallo, Johannesburg, mwaka 1939. Alilipwa kidogo sana na kuachia haki zake. Wimbo ukabadilishwa jina mara mbili huko Marekani, ukaingia hata kwenye filamu ya "The Lion King" mwaka 1994. Linda alikufa 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Linda hakupoteza kwa kuimba bule. Alipoteza kwenye karatasi.

Sasa tuangalie waliojaribu kuomba feza moja kwa moja. Mfano unaotajwa kila mara ni Radiohead, bendi ya Uingereza. Tarehe 10 Oktoba 2007 walitoa "In Rainbows" kwenye tovuti yao wenyewe na kusema: lipa unachotaka, hata sifuri. Dunia nzima ikaandika. Miezi miwili baadaye walifunga toleo lile, wakaleta CD madukani kwa bei ya kawaida, na ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Watu wanaosimulia hadithi hii wanaruka sehemu moja: walikuwa na miaka zaidi ya 10 wakijengewa jina na kampuni kubwa. "Lipa unachotaka" inafanya kazi pale ambapo mtu tayari anataka.

Mwaka 2008 ikaja Bandcamp, ambayo kwangu ndiyo yenye adabu kuliko zote. Msanii anaweka bei, ao anaweka kiasi cha chini na kuacha mnunuzi aongeze. Bandcamp inakata asilimia 15 ya muziki wa dijitali, na inashuka mpaka 10 ukishauzisha vya kutosha. Mpenzi anajua feza inakwenda kwa nani. Tatizo la kwetu ni kwamba mnunuzi anahitaji karte ya benki ao PayPal, na msanii anahitaji akaunti ya PayPal yenye uwezo wa kupokea. Mkazi wa Kasulo mwenye Airtel Money peke yake hayumo. Kwa hiyo Bandcamp ni ya kaka na dada walio Ubelgiji, Kanada, Afrika Kusini. Kwao inafaa sana, usiidharau.

Huku Afrika ya Mashariki walichukua njia nyingine. Mdundo ya Nairobi ilijengwa juu ya ukweli kwamba watu watapakua tu: basi wapakue bule kwa njia halali, matangazo yalipe, msanii agawiwe. Ilikua mpaka ikaingia kwenye soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020. Na Safaricom ya Kenya, kwa huduma ya Skiza, iliuzisha nyimbo kama mlio anaousikia anayekupigia simu. Mtu ambaye hangelipa hata shilingi kwa mp3 alikubali kukatwa kidogokidogo kwenye kredi ya simu. Kwa nini? Kwa sababu hakutoa karte, hakuandika namba 16, alibonyeza tu. Wasanii wa Kenya wamelalamika miaka mingi kwamba baada ya kampuni ya simu na mawakala wa katikati kukata, wao wanabaki na mabaki. Malalamiko yana haki, lakini angalia kilichothibitishwa: watu wa kipato chetu wanalipa muziki, mradi tendo la kulipa liwe jepesi na kiasi kiwe kidogo.

Hapo ndipo naona kosa la wanaosema "Mkongomani halipii muziki". Jamani, Mkongomani halipii muziki? Nenda kwenye matanga ao sherehe panapopigwa karindula, lile gita kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, uone feza inavyoanguka mbele ya wapigaji. Nenda kwenye harusi uone noti zinavyobandikwa kwenye paji la mwimbaji. Angalia ile desturi ya Kinshasa ya mabanga, ambapo mtu analipa, tena mamia ya dola na zaidi, ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. "Libanga" kwa Kilingala ni jiwe. Kwa mji wetu unaokula mawe, neno limekaa vizuri. Mkongomani analipa sana. Ila analipa ili aonekane amelipa, mbele ya watu, kwa mtu anayemjua, siku yenye maana. Faili ya mp3 haina hata kimoja cha hivyo.

Sipendi mabanga, nisema wazi. Yamejaza nyimbo majina ya wafanyabiashara na wanasiasa mpaka wimbo wenyewe unatafutwa kwa tochi. Lakini yanatufundisha bei iko wapi.

Basi, rafiki yako na albamu yake afanye nini? Maoni yangu ni haya.

Kama hajulikani nje ya kartie yake, nyimbo za kawaida ziwe bule, tena bule ya akili: faili yenye jina lake lililoandikwa sawasawa, picha, na namba ya WhatsApp ya kazi ndani ya maelezo ya faili. Nyimbo nyingi zinazotembea kwenye simu zetu zinaitwa "AUD" na tarakimu nyuma. Mtu anaupenda wimbo miezi mitatu hajui nani kaimba. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko kukosa franka 500. Hata yule kijana wa mwavuli asimfanye adui. Ampelekee nyimbo mwenyewe, safi, zenye jina, ampe na bango dogo la kubandika. Kijana huyo anajua ladha ya Kolwezi kuliko redio yoyote.

RJ Kanierra wa Lubumbashi anatosha kama ushahidi kwamba mdundo wa kwetu na Kiswahili cha kwetu vinaweza kutoka Katanga kupitia simu za watu. "Tia" ingefungiwa nyuma ya malipo kuanzia siku ya kwanza, sidhani kama watu wangeicheza mbali namna ile.

Lakini "bule" isiwe bila mwisho. Dalili kwamba wakati wa kuuzisha umefika haziko kwenye mitazamo, ziko kwenye tabia za watu. Wanakuuliza wimbo unaofuata unatoka lini. Wanaimba maneno hata biti ikikatika. Watu usiowajua wanakuandikia. Ukiwa na watu 100 wa namna hiyo, una soko, hata kama hesabu ya YouTube ni ya aibu. Tuseme 100 hao wanatoa dola 2 kila mmoja kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ili wapate albamu wiki mbili kabla ya wengine, moja kwa moja kwenye WhatsApp, pamoja na sauti yako ukiwasalimia kwa majina yao. Hizo ni dola 200. Kwa ile hesabu ya 0.003 ungehitaji kusikilizwa zaidi ya mara 66,000 kufikia kiasi hicho. Watavujisha? Ndiyo, mmoja wao atavujisha siku ya pili. Si neno. Hawakununua faili, walinunua kuwa wa kwanza na kutajwa. Ni mabanga ya watu wadogo, kama unataka kuyaita hivyo, na hayaharibu wimbo.

Waimbaji wa injili wamelielewa hili muda mrefu. Wanatoa wimbo bule wiki nzima, halafu Jumapili baada ya ibada kuna meza yenye kle za USB, na watu wanalipa kwa moyo, wengine wanaacha chenji. Meza hiyo inauzisha kitu kile kile kilichoko YouTube. Inauzisha mbele ya kanisa, kwa mkono wa mwimbaji.

Nikifika kwenye sheria, wenzangu wa fani hiyo mnisahihishe kwa upole. Haki ya mtunzi hapa nchini inasimamiwa na sheria-amri nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Wimbo unalindwa kwa kutungwa kwake, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kukusanya haki kwa redio, baa, hoteli na wengine wanaotumia muziki hadharani ni kazi ya SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Wasanii wengi wananung'unika juu ya chombo hicho, lakini asiyejiandikisha hana hata mahali pa kunung'unikia. Jambo la kukumbuka ni kwamba kutoa wimbo bule ni kumruhusu mtu asikilize. Si kumpa wimbo. Kusikiliza ni jambo moja, kuutumia kuuzisha bia, sabuni ao mgombea ni jambo lingine.

Lakini huwezi kudai kilicho nusu yako. Rudi kwenye ile biti iliyochukuliwa YouTube bila kuuliza: siku wimbo ukishika, mwenye biti anautoa kwenye majukwaa kwa barua moja, ao feza yote inamwendea. Na hata kama biti ilitengenezwa hapa Kolwezi na rafiki wa utotoni, andikeni karatasi siku ileile ya studio, wakati hakuna feza na wote mnacheka. Majina kamili, nani kaandika maneno, nani katunga melodi, nani katengeneza biti, asilimia za kila mmoja, tarehe, sahihi. Piga picha, kila mtu abaki nayo kwenye simu. Nusu ukurasa unatosha. Hii ndiyo kazi ambayo sisi wenye diplome tunaweza kuwafanyia wasanii wetu bure kabisa, na ingewasaidia kuliko ushauri wetu mwingi.

Kwa sababu Kolwezi ina jambo moja ambalo miji mingi haina: kampuni nyingi zenye bajeti ya kuongea na watu. Kampuni ya mgodi inataka wimbo wa usalama barabarani. ONG inataka wimbo wa kuwarudisha watoto shuleni. Kampuni ya simu inafungua duka. Na uchaguzi ukikaribia, kila mgombea anataka jina lake kwenye mdundo unaochezwa. Wanakuja kwa msanii wakitabasamu: "Mukubwa, tutakupatia visibilite." Hapo neno bule lifutwe kabisa. Msikilizaji wa Kanina anayepakua wimbo kwa mega zake za mwisho asilipe. Ofisi yenye mhasibu ilipe. Na bei isiwe ya "wimbo" tu. Iandikwe wimbo utatumika wapi, redio, mikutano, Facebook. Kwa muda gani, miezi mitatu ao mwaka. Kama wanaweza kubadilisha maneno. Na nani anabaki mwenye wimbo muda ukiisha. Nusu ya feza kabla ya kuingia studio. Wakikataa kuandika muda, bei ipande mara kadhaa, kwa maana wanachoomba wakati huo ni kununua wimbo wenyewe. Na wakisema karatasi hiyo italetwa kesho na mtu wa protokoli, rekodi ingojee kesho.